Sarafu yenye tundu: mama, mfalme na matezi ya shingoni

SEHEMU YA 1: Tundu limetoka wapi?

 

Wiki hii sileti somo la uji wala la mtoto anayekataa kulala. Naleta historia. Lakini ni historia yenye mtoto mgonjwa ndani yake na mama anayehangaika, kwa hiyo naamini itawagusa. Nimeigawa sehemu tano. Soma taratibu, hata ukiwa unanyonyesha.

Kuna watu wanaokusanya sarafu za zamani za Uingereza, zile zilizogongwa kwa nyundo, moja moja, kabla mashine hazijachukua kazi hiyo. Kwa watu hao sarafu iliyotobolewa ni kama kanga iliyoungua kwa pasi. Bado kanga, ila bei imeshuka.

Lakini kuna sarafu moja ya dhahabu ambayo, ikiwa na tundu, mkusanyaji haiweki pembeni haraka. Ina malaika upande mmoja na meli upande wa pili. Tundu lake huenda lilipitishwa utepe mweupe, na utepe ule ukavishwa shingoni mwa mgonjwa kwa mkono wa mfalme mwenyewe.

Mgonjwa wa nini? Wa matezi yaliyovimba shingoni. Sisi wauguzi tunaujua vizuri: kifua kikuu cha tezi, TB ya matezi. Waingereza wa enzi hizo waliuita ugonjwa wa mfalme, kwa sababu waliamini mfalme akikugusa unapona.

Hivi walikuwa wajinga? Usijibu kwanza. Twende pole pole.

SEHEMU YA 2: Fundi, nyundo na alama ndogo

Ukijua sarafu hizi zilivyotengenezwa, nusu ya kazi ya kuzitambua imekwisha.

Fundi alikuwa na mihuri miwili ya chuma, imechongwa picha na maandishi kinyume. Muhuri wa chini umechomekwa kwenye gogo, hautikisiki. Juu yake anaweka kipande bapa cha madini ya fedha au dhahabu kilichopimwa uzito. Juu ya kipande anashikilia muhuri wa pili kwa mkono. Halafu nyundo: paa! Sarafu imezaliwa. Anaitoa, anaweka kipande kingine. Siku nzima hivyo hivyo.

Kwa sababu ni kazi ya mkono, hutapata mbili zinazofanana kabisa. Moja picha imekaa upande, nyingine nusu ya maandishi yamebaki nje, nyingine imegongwa mara mbili mfalme akaonekana ana pua mbili. Duara lenyewe si duara kamili. Na ukingo hauna ile mistari midogo unayoihisi kwa kucha kwenye sarafu nyingi za siku hizi. Huku kwetu pia, masultani wa Kilwa walikuwa na sarafu zao za shaba zilizotengenezwa kwa mkono, kwa hiyo kazi ya namna hii haikuwa ngeni pwani ya Afrika Mashariki.

Sasa mkusanyaji anaangalia nini ili ajue ameshika nini?

1. Sura na jina. Peni za fedha za Mfalme Edward I, zilizoanza mwaka 1279, zina uso wa mfalme unaotutazama moja kwa moja, taji kichwani, nywele zimetuna pande zote mbili. Jina lake limefupishwa kwa Kilatini, linaanza na EDW. Peni yenyewe ni ndogo na nyembamba, ina uzito wa kama gramu 1.4 tu.

2. Msalaba wa nyuma. Kuanzia 1180 hadi 1247 msalaba ulikuwa mfupi, hauguzi ukingo. Watu wakawa wanakata kingo kidogo kidogo, wanayeyusha vipande, wanauza. Mwaka 1247 mikono ya msalaba ikarefushwa hadi mwisho wa sarafu, ili ukikata tu ionekane. Wizi huo uliwafikisha watu kwenye kitanzi, lakini haukuisha.

3. Mji. Nyuma ya peni iliandikwa ilikotengenezwa: London, Canterbury, York, Durham na kwingine.

4. Alama ndogo mwanzoni mwa maandishi. Waridi, taji, nyota, na nyingine nyingi. Kabla ya katikati ya karne ya 16 sarafu za Uingereza hazikuwa na mwaka. Alama ile ndiyo iliyokuwa ikibadilishwa kila baada ya muda, ili sarafu zikipelekwa kupimwa ubora ijulikane ni za kipindi gani na nani alihusika. Mimi nikiiona nafikiria namba ya bechi kwenye kichupa cha chanjo. Kazi ni ile ile: likitokea tatizo, tujue pa kuanzia kuuliza.

5. Uzito na mwili wake. Sarafu bandia nyingi zimemiminwa kwenye kalibu, hazikugongwa. Zina vitundu vidogo vya hewa, maandishi yake ni laini kama sabuni iliyotumika, na pembeni unaweza kuona mstari wa kiungo. Tena nyingi uzito unakataa.

Na jambo moja wote wanasisitiza: usiisugue. Ukiipiga steelwool na sabuni ing'ae, umefuta ushahidi. Ni kama kumpaka mtoto dawa za kila aina kwenye kipele kabla hujampeleka kwa daktari. Ukifika, tunaangalia dawa badala ya kipele.

Mnakumbuka ile peni ya Edward I? Vitabu vya hesabu vya nyumba yake vimebaki hadi leo, na vinaonyesha wagonjwa waliokuja kubarikiwa na mfalme wakipewa peni moja moja. Wakati huo ilikuwa sadaka ya mgonjwa, hela ya kula. Bado haijawa dawa.

SEHEMU YA 3: Malaika wa dhahabu

Mwaka 1465, chini ya Mfalme Edward IV, ikatoka sarafu mpya ya dhahabu karibu safi. Uzito wake kama gramu 5. Mbele yupo Malaika Mkuu Mikaeli, amesimama juu ya joka, amelichoma mkuki mdomoni. Nyuma ipo meli, na mlingoti wake ni msalaba. Maandishi ya nyuma yalikuwa sala ya Kilatini, maana yake: kwa msalaba wako utuokoe, Kristo Mkombozi. Watu wakaiita malaika.

Ukitaka kujua ni malaika wa mfalme gani, tazama pembeni ya mlingoti. Kuna herufi ya kwanza ya jina la mfalme na ua la waridi. E ni Edward, H ni Henry. Halafu rudi kwenye ile alama ndogo ya mwanzoni mwa maandishi, ikusogeze karibu zaidi na mwaka.

Malaika alikuwa na thamani ya peni 80. Kibarua wa kawaida wakati huo alipata kama peni 4 kwa siku. Piga hesabu: ni vibarua vya siku 20. Hebu fikiria mtu akuvishe hiyo shingoni, bure.

Kufikia enzi za Henry VII, mwishoni mwa karne ya 15, kuwagusa wagonjwa kulikuwa ibada yenye utaratibu wake, na malaika ndiye sarafu yake. Mgonjwa alikaguliwa kwanza na daktari wa mfalme, kuona kama kweli ni matezi. Kisha akapiga magoti mbele ya mfalme. Padri akasoma Injili ya Marko, pale inaposema waaminio wataweka mikono juu ya wagonjwa, na mfalme akashika shingo na mashavu ya mgonjwa. Mara ya pili mgonjwa alirudi mbele, na mfalme akamvisha sarafu yenye utepe. Akaambiwa aitunze, aivae.

Hapo ndo sarafu ilipobadilika. Ilikuwa pesa, ikawa hirizi. Wapo waliosema ukiivua ugonjwa unarudi.

Wapo pia walioiuza, na wapo waliorudi tena na tena kuchukua dhahabu nyingine. Ndiyo maana baadaye mgonjwa alitakiwa kuja na cheti kutoka parokia yake kwamba hajawahi kuguswa. Rufaa, jamani! Haya mambo ya kuulizwa karatasi mapokezini hayakuanza na sisi.

Kwa mkusanyaji, tundu linalotia moyo ni lile lililotobolewa kuelekea juu, ili malaika akining'inia abaki amesimama wima. Lakini wanaojua wanaonya: tundu peke yake si ushahidi. Watu walitoboa dhahabu wavae kama pambo pia. Lazima uangalie tundu, uchakavu, alama, na historia ya ilikopatikana, vyote kwa pamoja. Lishike hilo neno, tutalirudia kwenye sehemu ya tano.

Malaika wa mwisho walitengenezwa chini ya Charles I, mwaka 1642, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Mfalme huyo akakatwa kichwa mwaka 1649. Mwanawe, Charles II, alirudi kwenye kiti mwaka 1660 na akagusa wagonjwa kuliko mwingine yeyote: wanahistoria wanakadiria zaidi ya watu 90,000 katika utawala wake. Machi 1684 watu walijaa kugombea tiketi mlangoni kwa daktari wa mfalme, wengine wakakanyagwa wakafa. Mwandishi wa shajara John Evelyn aliliandika tukio hilo. Nikisoma hivyo nawaona wamama mle kwenye ule msongamano, na watoto mgongoni.

Mwaka 1662 mashine zikachukua kazi ya nyundo moja kwa moja. Malaika hakurudi kuwa pesa. Badala yake zikatengenezwa medali ndogo za dhahabu kwa ajili ya wagonjwa tu, zina malaika na meli vilevile, zinatobolewa na kuvishwa. Sarafu za nyundo zilizobaki mitaani, nyingi zimekatwa kingo hadi zimepungua sana, ziliondolewa kuanzia mwaka 1696.

SEHEMU YA 4: Mama Samuel

Tarehe 18 Septemba 1709, mji wa Lichfield, katikati ya Uingereza, Sarah Johnson alijifungua mtoto wake wa kwanza. Alikuwa na miaka 40. Uzazi ulikuwa mgumu, na mtoto hakulia mara moja. Wenzangu wa leba mnaelewa hapo moyo unavyokuwa.

Mtoto aliitwa Samuel. Kama ilivyokuwa desturi kwa familia nyingi, alipelekwa kunyonyeshwa na mama mwingine. Sarah hakutulia. Alikwenda kumwona kila siku. Alipita njia tofauti tofauti ili watu wasimcheke kwamba anamganda mtoto, na mara nyingi aliacha kipepeo chake au glovu makusudi, apate kisingizio cha kurudi ghafla na kuangalia mwanawe anatunzwaje. Haya aliyasimulia Samuel mwenyewe alipokuwa mtu mzima.

Baada ya wiki chache mtoto alirudishwa nyumbani, hali yake mbaya. Macho yameharibika, na matezi ya shingo yamevimba. Watu wakasema ameyapata kwa maziwa ya yule mnyonyeshaji. Daktari wa Lichfield, Sir John Floyer, mtu aliyesoma na kuheshimika, akashauri mtoto apelekwe London akaguswe na Malkia Anne.

Basi Machi 1712 Sarah akasafiri. Alikuwa mjamzito wa mtoto wa pili, akaificha mimba ili asizuiwe. Pesa, gini mbili za dhahabu, akazishona ndani ya sketi yake ya ndani ili wezi wasizipate. Waliokuwa kwenye gari la farasi mmoja alimpenda mtoto, mwingine alimwonea kinyaa. Wakati wa kurudi walipanda gari la mizigo, maana mtoto alikuwa anakohoa sana na pesa zilikuwa chache.

Samuel aliguswa na malkia akiwa na miaka miwili na nusu, akavishwa medali ya dhahabu yenye malaika na meli. Hiyo haikugongwa kwa nyundo, enzi ya nyundo ilikuwa imeshapita, lakini ni mjukuu halali wa malaika wa mwaka 1465.

Je, alipona? Hapana. Matezi yalikuja kupasuliwa, makovu yakabaki maisha yake yote, na macho hayakuwa mazuri tena. Mtoto huyo ndiye Samuel Johnson, aliyeandika kamusi maarufu ya Kiingereza ya mwaka 1755. Alikufa mwaka 1784, na medali ile aliivaa hadi mwisho. Leo ipo British Museum, London.

Malkia Anne alifariki mwaka 1714. George I aliyemfuata hakutaka kabisa mambo ya kugusa, na huko Uingereza desturi ikaishia hapo. Samuel alikuwa miongoni mwa watoto wa mwisho mwisho kuvishwa.

Mimi naiangalia medali ile kwa jicho la muuguzi. Kama dawa, haikufanya kazi. Lakini ni ushahidi wa mama aliyeshona pesa kwenye nguo, akaficha mimba, akasafiri siku kadhaa na mtoto anayekohoa, kwa sababu daktari alimwambia huko ndiko kuna tiba. Alifanya kila kilichokuwepo kufanywa. Tatizo ni kwamba kilichokuwepo hakikutosha.

SEHEMU YA 5: Kwa nini waliapa kwamba inaponya, na sisi tufanye nini

Sasa turudi kwenye swali la sehemu ya kwanza. Hawakuwa wajinga. TB ya matezi ina tabia moja ya kudanganya: inavimba, inapungua, inakaa kimya miezi, inarudi. Ukimvisha mtoto sarafu wiki ambayo uvimbe ulikuwa unapungua wenyewe, utaapa kwamba ni sarafu. Ukirudi, watakwambia aliivua. Na asiyepona hasafiri tena kwenda kutoa ushuhuda. Kwa hiyo kwa miaka mamia watu walisikia zaidi sauti za waliopata nafuu.

Tabia hiyo ya ugonjwa haijabadilika. Hata leo mtoto anachanjwa chale, anapakwa majani, anavalishwa kitu shingoni, uvimbe unapungua kidogo, mama anapumua. Miezi mitatu baadaye unapasuka na kutoa usaha. Mama, sitakugombeza kwa ulichomvisha mtoto. Ombi langu ni moja: kisikucheleweshe.

Sarah hakuwa na ulivyo navyo wewe. Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza kimelea kinachosababisha TB. Mwaka 1921 mtoto wa kwanza alipewa chanjo ya BCG huko Paris, ile ile inayoacha kale kakovu kwenye bega la kulia. Kuanzia miaka ya 1940 zikapatikana dawa zinazoua kimelea. Leo TB ya matezi inatibika, mara nyingi kwa dawa za miezi sita, na hapa kwetu Tanzania dawa hizo ni bure kwenye vituo vya serikali.

Kumbuka lile neno la wakusanyaji: dalili moja peke yake si ushahidi. Matezi ya shingo kwa mtoto mara nyingi ni koo, jino bovu au vidonda vya kichwani. Angalia yote kwa pamoja:

- Uvimbe umezidi wiki mbili, haupungui au unaongezeka.
- Hauumi sana, lakini unashikana na mwingine kama shanga.
- Mtoto ana homa za jioni, jasho la usiku, hachezi kama zamani.
- Haongezeki uzito, au kadi ya kliniki inaonyesha anashuka.
- Nyumbani kuna mtu anayekohoa muda mrefu au anayetumia dawa za TB.

Ukiona hayo, nenda kituoni. Daktari anaweza kuchukua majimaji kwenye tezi kwa sindano yakapimwe. Usikande, usitumbue, usichanje. Dawa zikianza, zimalizwe zote hata kama uvimbe umeisha mwezi wa pili. Chemsha maziwa ya ng'ombe kabla ya kumpa mtoto, maana ipo TB inayopitia kwenye maziwa mabichi. Mtoto mchanga apate BCG mapema. Haizuii kila TB, lakini inamkinga na zile kali za utotoni, kama homa ya uti wa mgongo inayotokana na TB.

Na tafadhali usimtenge mtoto mwenye TB ya matezi. Ikiwa mapafu yake hayana shida, tezi za shingo hazimwambukizi mwenzake anayecheza naye. Yule abiria aliyemwonea kinyaa Samuel tusimwige.

Mama mwenye mtoto mwenye uvimbe shingoni, usiandike kwenye komenti kama unaona aibu, njoo inbox. Sitakupa dawa huko, nitakuelekeza uanzie wapi. Mwingine mtumie jirani yako somo hili, hasa yule ambaye mtoto wake umemwona na kidonge shingoni ukashindwa jinsi ya kumwambia.

Wiki ijayo tunarudi kwenye uji. Lala salama, na watoto walale.